Pima Mwili Kwanza, Milimita Baadaye

Mtu wa Likasi akipanga safari ya kwenda kuzamia Zanzibar, neno la kwanza analoniambia akifika kibandani kwangu Kikula ni kwamba yeye hahitaji suti. "Yaya, kule si ni joto?" Ni joto kweli. Mwezi wa Machi bahari ya Unguja hufika nyuzi 29, hata 30, na mwezi wa Agosti, wakati sisi tunaamka na sweta na kuukumbatia mbabula wa makaa, yale maji hukaa kwenye 25 hivi. Ukizisikia tarakimu hizo ukiwa huku juu, mita 1,300 na kitu kutoka usawa wa bahari, asubuhi ya Juni ambayo hata kunawa uso ni kazi, unaona kubeba nguo ya mpira ni kujitwisha mzigo bure.

Mwili hausomi kipimajoto. Unachojua ni joto linaloutoka. Damu yetu iko kwenye nyuzi 37, na maji huchukua joto haraka kuliko hewa, mara 25 hivi. Hewa ya nyuzi 27 ni mchana mzuri wa Likasi; mtu anavaa shati jepesi na kupiga kazi mpaka jua lizame. Maji ya nyuzi 27, ukikaa ndani yake dakika 50 bila kujikinga, yanakutoa ukitetemeka midomo. Ili mtu aliyetulia majini asipoteze joto kabisa, maji yanatakiwa yawe karibu na nyuzi 33 au zaidi, na hiyo si bahari unayokwenda kuzamia. Juu ya hayo, hewa ya mtungini ni kavu na inatoka ikiwa imepoa. Kila pumzi, mapafu yanaipasha na kuilowesha, halafu unaitoa na mapovu yanaondoka nayo. Kadiri unavyoshuka, hewa unayovuta inakuwa nzito zaidi, na joto linalokwenda na kila pumzi linaongezeka.

Watu huchukulia baridi kuwa ni usumbufu tu, mtu avumilie, aje ajipashe juani. Naomba wasichukulie hivyo. Mzamiaji mwenye baridi humaliza hewa upesi, vidole vyake havishiki vizuri kifungo cha jaketi ya kuelea, na kichwa chake kinachelewa kuamua. Kuna lililo baya zaidi. Wakati wa kupanda, mwili unatakiwa utoe naitrojeni iliyoyeyuka ndani yake kule chini. Mtu akiwa amepoa, mishipa ya damu ya mikono, miguu na ngozi inajibana, damu inapita kidogo, na naitrojeni inachelewa kutoka. Hapo hatari ya ugonjwa wa mgandamizo inaongezeka, yaani ule wa vipovu kuumbika mwilini, unaotia maumivu ya viungo na unaoweza hata kupooza mtu. Suti nzuri ni kinga dhidi ya jambo hilo pia.

Mimi ni mshonaji. Nimelelewa kwenye mashine ya kushonea. Mama yangu alishona sare za shule za watoto wa wafanyakazi wa Gécamines, na mimi nashona sare, nguo za harusi, na mashati ya kaki ya watu wa viwandani. Shemeji yangu anaendesha lori la shaba kutoka huku, anapita Kasumbalesa, anaikata Zambia yote hadi Tunduma, kisha anateremka mpaka bandari ya Dar es Salaam. Nilikuwa nikipanda naye kwenda kununua vitambaa Kariakoo, nikavuka siku moja hadi Unguja, na Nungwi nikajifunza kuzamia. Tangu hapo nina mapenzi mawili, mashine na bahari, na yanakutana mahali pamoja tu: kwenye suti ya kuzamia. Ninapoitazama naona vipande vya kukatwa, mishono, kola na zipu, na naona pia maji yatakapoingilia.

Wengi wameambiwa kwamba suti huingiza maji kidogo, mwili unayapasha, na maji hayo ndiyo yanayokupa joto. Maelezo hayo yamepinda kidogo. Kinachozuia joto ni mpira wenyewe, neopreni, kwa sababu umejaa vipovu vidogo vya gesi vilivyofungika kimoja kimoja, na gesi haipitishi joto kwa urahisi. Maji yaliyoingia kati ya suti na ngozi yana kazi moja: kutulia. Yakitulia yanapata joto la mwili na hayakudhuru. Yakitembea, yakatoka na kuingia mengine, kila mara unaanza upya kuipasha bahari.

Aliyeliona hili wazi ni mwanafizikia wa Marekani, Hugh Bradner. Mwaka 1951, akiwa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alikuwa akitafuta nguo ya wazamiaji wa jeshi la wanamaji. Wakati ule fikra ilikuwa kwamba ili mzamiaji apate joto ni lazima abaki mkavu, kwa hiyo watu walipambana na nguo za mpira za kuziba maji, ambazo zikitoboka mahali pamoja zimeharibika zote. Bradner akasema mtu anaweza kulowa na bado akawa na joto, ilimradi kitambaa chenyewe kina gesi ndani yake. Sentensi hiyo moja iliwafungulia watu wa kawaida njia ya bahari.

Jina lake linanigusa kwa sababu nyingine pia. Kabla ya Berkeley, tangu 1943, Bradner alikuwa Los Alamos, miongoni mwa wanasayansi wa mradi wa bomu la atomiki. Na urani ya mradi ule, sehemu kubwa, ilitoka Shinkolobwe, mwendo mfupi kutoka hapa ninapoandika, katika mgodi wa Union Minière. Mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alikwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York mwaka 1940, kabla Wamarekani hawajaja kumwomba. Waliochimba na kubeba yale mawe walikuwa wazee wetu, na hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Vijana wa hapa wakiniuliza suti za kuzamia zinatuhusu nini sisi watu wa migodini, huwaeleza habari hii kwa kirefu, kwa sababu aliyeibuni nguo hii alipitia kazi iliyolishwa na ardhi yetu, na sioni kwa nini tuizungumzie kwa kunong'ona, kana kwamba ni ya wengine.

Hata mpira wenyewe una ukoo usio mbali nasi. Neopreni ilipatikana katika maabara za kampuni ya DuPont mwaka 1930, kwa kufuata uchunguzi wa gesi ya asetilini uliofanywa na Padri Julius Nieuwland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyefundisha Chuo Kikuu cha Notre Dame huko Marekani. Asetilini ndiyo gesi ambayo wachomeleaji wa Shituru wanaiwasha kila siku. Huweza kutengenezwa kutokana na karbaidi, na karbaidi hupikwa kutokana na mawe ya chokaa. Leo kuna neopreni ya Japani inayoanzia moja kwa moja kwenye chokaa, jiwe ambalo sisi tunalo tele Kakontwe.

Sasa nirudi kwenye futi yangu. Mteja akija, duka limeshamjaza maneno ya milimita: hii ni 3, hii ni 5, hii ni 7. Mimi namwambia asimame, nimpime. Unene nitauzungumzia, lakini suti ya milimita 5 inayopwaya mgongoni inapoteza joto kuliko ya milimita 3 iliyokukaa. Nimeliona kwa watu walioteremka pamoja kwenye kamba moja ya nanga, aliyevaa nzito akatangulia kutoka akitetemeka.

Suti za dukani zimekatwa kwa vipimo vya miili ya watu wa nchi zinakouzwa kwa wingi. Mwanamke wa kwetu akivaa saizi inayopita nyonga na mapaja, kiuno kinabaki na nafasi. Nafasi hiyo iko mahali pabaya kuliko pote, pale chini ya mgongo. Kila anapopiga mapezi, mgongo unajikunja na kujinyoosha, na ile nafasi inavuta na kusukuma maji kama mvukuto wa mhunzi. Anahisi mchirizi wa baridi unampanda kwenye uti wa mgongo, anadhani suti ni nyembamba, safari ijayo ananunua nene zaidi, na inapwaya palepale.

Vipimo ninavyochukua ni kifua, kiuno, nyonga, paja mahali pake pa unene, shavu la mguu, msuli wa mkono, shingo, na kimoja ambacho watu wengi hukisahau: urefu wa kiwiliwili, kutoka kwenye mfupa wa shingo nyuma, kupita katikati ya miguu, hadi chini ya koo mbele. Kiwiliwili cha suti kikiwa kifupi, mabega yanavutwa chini na kupumua kunakuwa kazi. Kikiwa kirefu, mikunjo inajaa mgongoni na kwapani, na kila mkunjo ni mfuko wa maji. Ukiisha kuivaa, chuchumaa, inua mikono juu, jikumbatie, geuza shingo huku na huku, kisha vuta pumzi mpaka mwisho. Nchi kavu suti ikubane, uihisi imekushika kila mahali bila kukukata pumzi. Majini italegea kidogo.

Shingoni uwe mwangalifu. Kola inayobana sana inakandamiza mishipa mikubwa ya damu iliyo pembeni mwa koo, na mtu anaweza kupata kizunguzungu au kuishiwa nguvu akiwa majini. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Wengine hukata kola kwa mkasi wakamaliza. Mimi huifungua na kuongeza kipande chembamba cha neopreni ya milimita 2, laini, kisha suti inabaki na kinga yake.

Kupunguza kiuno ndiyo kazi ninayoifanya zaidi, na naipenda. Naigeuza suti nje ndani, nachora kwa chaki kabari mbili ndefu pande zote mbili za uti wa mgongo, pana kiunoni na kuisha ncha juu na chini. Nakata kwa wembe mpya, wima kabisa, kwa sababu ukingo uliolala hautakutana na mwenzake. Halafu gundi ya neopreni kwenye kingo zote mbili. Mpako wa kwanza unanywewa na vile vipovu vilivyofunguliwa na wembe, hauonekani tena. Nausubiri ukauke, napaka wa pili, nausubiri, napaka wa tatu. Ukigusa kwa mgongo wa kidole na gundi isikushike, wakati umefika. Naziunganisha kingo kidogo kidogo kutoka kiunoni kwenda kwenye ncha, na hapo hakuna kurudia, zikigusana zimeshikana. Nazibana kwa vidole urefu wote.

Ikilala usiku mmoja, nashona. Sindano ni ya kupinda, na haipiti upande wa pili. Inaingia kwenye kitambaa cha nailoni kilichobandikwa juu ya mpira, inachimba mpaka nusu ya unene, inatokea upande uleule iliyoingilia, na uzi unavuta kingo pamoja bila kuacha tundu hata moja la kupitisha maji. Ukipitisha sindano moja kwa moja, kila tundu ni mlango. Suti nyingi za maji ya joto zimeshonwa hivyo dukani, kwa mshono bapa unaoonekana ndani na nje, na kwa milimita 3 katika bahari ya Machi hauna ubaya. Ni imara na haukwaruzi ngozi. Kwa Agosti, au kwa mtu anayezamia mara tatu kwa siku, lipia mshono wa gundi.

Haya, unene. Pwani inaishi kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi, na maji ni moto. Kusi inashika kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, bahari inachafuka upande wa mashariki wa kisiwa, mawingu yanakuja, na maji yanashuka hadi nyuzi 25, pengine 24. Katikati, Oktoba na Novemba, bahari hutulia na maji hung'aa. Ndio wakati ninaoupenda, na ndipo papa potwe huanza kuonekana Mafia, waendelee hadi karibu Machi.

Kwa kaskazi, suti ndefu ya milimita 3 inamtosha mtu wa kawaida. Ile fupi, ya mikono mifupi na ya kuishia magotini, wengi huipenda kwa kuwa ni nyepesi, na mtu mnene anayezamia mara moja kwa siku hatapata baridi nayo. Mimi bado nashauri ndefu. Yako matumbawe yanayochubua na mengine yanayowasha, wako yavuyavu, na liko jua la kwenye mashua linalounguza nyuma ya magoti bila wewe kujua. Likra tupu, ile nguo nyembamba isiyo na vipovu, inakinga ngozi lakini joto haizuii. Ivae ndani ya suti, inasaidia kuivaa na kuivua.

Kwa kusi, ama milimita 5, ama ile 3 yako pamoja na kizibao chembamba chenye kofia, cha kuvaliwa ndani. Mimi hubeba hicho kizibao kila safari, mwezi wowote. Hakichukui nafasi, kinaziba kiuno na shingo kwa mara moja, na kinafunika kichwa, ambako mishipa ya damu haijibani kwa baridi kama ya mikono na miguu. Kuna nahodha mmoja wa Nungwi ambaye, akituona tunajitayarisha siku ya upepo, haongezi neno zaidi ya hili: "Dada, kusi lishaanza. Jitie kizibao." Ukivaa kofia, ivute kidogo ukiwa majini ili maji yaingie masikioni, la sivyo hewa iliyonaswa itakuzuia kusawazisha masikio unaposhuka.

Halafu jipime wewe mwenyewe. Mwembamba hupoa haraka kuliko mnene. Anayepiga picha hukaa mahali pamoja akisubiri samaki, hapati joto la kupiga mapezi, aongeze milimita. Na baridi inajilimbikiza: siku ya kwanza mtu anasema hakuhitaji suti, siku ya tatu anatetemeka katika maji yaleyale, kwa sababu mwili haukuwahi kurudi kamili kati ya mzamo na mzamo. Ukipanga kuzamia siku nyingi mfululizo, chagua kwa ajili ya siku ya mwisho.

Kina nacho kinabadilisha hesabu. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwenye mita 30 ni mara nne, na vipovu vya ndani ya neopreni vinabanwa sawasawa. Mpira wenyewe haubanwi, kwa hiyo suti haiwi robo ya unene wake, lakini inakuwa nyembamba kiasi cha kuhisi, tena pale ambapo maji nayo huwa yamepoa. Inapungua pia nguvu ya kuelea, unazama zaidi na kulazimika kutia hewa kwenye jaketi. Suti nene inadai risasi nyingi mkandani ili uweze kuteremka, na uzito huohuo unakusumbua ukifika chini. Ndiyo sababu simshauri mtu abebe milimita 7 kwenda Unguja kwa kudhani nyingi ni bora. Atachemka kwenye mashua na atatembea na risasi za bure.

Wapo wanaonunua kwenye mitumba, na sioni aibu yoyote. Suti yangu ya kwanza ilitoka kwenye robota. Bonyeza kwa kidole gumba kisha uachie. Neopreni iliyo hai inarudi mara moja, iliyokufa inabaki na shimo. Ikunje kwenye magoti na mabega uone kama inapasuka mistari midogo. Fungua na ufunge zipu yote. Linganisha unene wa magoti na wa kifua, kwa sababu suti iliyozamishwa sana imeshabanwa na haitarudi. Tena uliza ilikuwa ya kazi gani. Nyingi zilizomo kwenye mitumba ni za wateleza mawimbi, laini na zenye kunyumbulika, tamu kuzivaa, lakini ulaini huo unabanwa upesi ukienda chini. Kwa mita 8 au 10 zinafaa. Kwa mita 25 tafuta iliyotengenezwa kwa kuzamia.

Na kuna swali la kama ubebe kabisa. Vituo vingi vya kuzamia vya Zanzibar vina suti za kukodi, mara nyingi zimo ndani ya bei ya mzamo. Ikiwa mwili wako unaingia kwenye saizi ya dukani bila kupwaya, kodi ya kwao, ubebe kizibao na likra tu. Wakina mama wa likelemba yetu, kikundi chetu cha kuchangiana fedha, wanaonijia na mipango ya kwenda pamoja, wengi wao, nawaambia wabebe zao zilizopimwa, kwa sababu wakifika kule watapewa suti ya mwanaume iliyokunjwa mikono. Milimita 3 ndefu ni kilo moja na nusu hivi begini. Izungushe kwa ulegevu, usiikunje kwa alama kama shati, usiweke viatu juu yake. Tia na kikwembe. Kutoka ufukweni hadi unapolala unapita vijijini, kwa watu wanaojistahi, na suti inaonyesha mwili wote. Jifunge kikwembe kiunoni na kingine mabegani. Tia na koti la upepo, kwani kati ya mzamo wa kwanza na wa pili, ukiwa umelowa juu ya mashua, upepo wa kusi unakupokonya joto kuliko bahari yenyewe.

Kunywa maji pia, hata kama unaogopa haja ndogo. Mtu akizama, damu inasogea kutoka miguuni kuja kifuani na figo zinaongeza mkojo. Ni maumbile, na inampata kila mzamiaji. Suti isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni, ndani na nje, na ianikwe kivulini kwenye kitundikio kipana cha koti. Jua linakausha neopreni na kuipasua.

Wasioweza kufika baharini, nawaelekeza Tanganyika. Sisi ni watu wa ziwa hilo pia, kwa Moba na Kalemie, na upande wa Zambia kwa Mpulungu. Maji yake ya juu mara nyingi ni nyuzi 25 hadi 27, samaki wake wa mawe hawako popote pengine duniani, na suti niliyoieleza kwa Unguja inafaa. Upepo wa kusini wa katikati ya mwaka hupoza ncha ya kusini ya ziwa, hapo ongeza kizibao. Maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari. Mtu mwenye kilo 100 pamoja na vifaa atapunguza kama kilo mbili na nusu za risasi. Uliza wenyeji kuhusu mamba na kuhusu kichocho kabla ya kuingia, kwa kuwa suti si kinga ya kutegemea dhidi ya hivyo viwili.

Kwa kurudi kwetu, hesabu mwinuko wa nchi. Baada ya mizamo ya siku nyingi, subiri saa 18 angalau kabla ya kupanda ndege. Anayerudi kwa barabara au kwa reli ya TAZARA asidhani hilo halimhusu: kutoka Dar njia inapanda mpaka inapita mita 1,700 karibu na Mbeya, na kwa naitrojeni iliyobaki mwilini mlima na ndege ni jambo moja. Tumia siku hiyo kukausha suti. Ikifungwa mbichi begini, ikapita siku za barabarani hadi Kasumbalesa, itafika ina ukungu.

Ukitaka nikurekebishie, niletee majuma matatu kabla ya safari, nipate muda wa gundi na wewe upate muda wa kuivaa nyumbani mara mbili tatu na kunirudishia panapobana. Gundi yenyewe haipandi ndege, inashika moto na watakunyang'anya. Anayesafiri kwa ndege naye nampa sindano ya kupinda na uzi wa nailoni, aviweke kwenye begi la chini. Suti ikichanika kwenye matumbawe, ashone nusu ya unene kama nilivyomwonyesha, aendelee kuzamia, na akirudi Likasi nitaifungua na kuipaka gundi.